Sumaku na Bahari ya Europa

Europa, mmojawapo wa miezi ya sayari ya Mshtarii, umefunikwa na barafu pande zote. Je, chini yake mna maji? Chombo cha anga Galileo, kilichoanza kuizunguka Mshtarii mwaka 1995, hakikuweza kuitoboa barafu hiyo. Kilikuwa, hata hivyo, na kipimasumaku, ambacho kazi yake iliongozwa na mwanafizikia Margaret Kivelson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Mhimili wa sumaku wa Mshtarii umeinama nyuzi 10 hivi kutoka mhimili wa mzunguko wake. Hivyo uga wa sumaku unaoufikia mwezi huo hugeuka-geuka katika kipindi cha saa 11 hivi. Anayeikumbuka kanuni ya Faraday atajua kwamba uga unaobadilika huzusha mkondo katika kitu kipitishacho umeme, na mkondo huo huzusha uga mwingine. Uga wa namna hiyo ulipimwa karibu na Europa, lakini huenda ulitoka katika sumaku ya kudumu. Januari 2000 Galileo kilipita tena, safari hii uga wa Mshtarii ukiwa umegeuka. Ule wa Europa nao ukakutwa umegeuka. Sumaku ya kudumu haifanyi hivyo. Barafu hupitisha umeme kwa shida, maji ya chumvi huupitisha vyema.

Kupima kina na chumvi ya bahari hiyo kumeachiwa Europa Clipper, chombo kilichorushwa Oktoba 2024 kikiwa na kipimasumaku chake.