Mshahara wa mkuu wa fakture Bunia: maswali na majibu

Wasomaji wanaofanya kazi katika ofisi za fakture (ankara) Bunia, kuanzia kampuni za intaneti na wauzaji wa mafuta hadi hospitali, wametuletea maswali kuhusu mishahara. Tumeyajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Papa, mwenzangu wa Kinshasa ana cheo kama changu, lakini analipwa zaidi. Kwa nini?

Mara nyingi cheo ni kimoja, ila kazi ni mbili. Kinshasa ndiko makao makuu yaliko. Mkuu wa fakture wa huko anasimamia timu, anapanga bei na wateja wakubwa, na ndiye anayefunga hesabu za nchi nzima. Wa Bunia anahesabiwa kuwa mtu wa tawi, hata kama tawi lote linamwegemea yeye. Lubumbashi na Kolwezi nako kuna migodi ya shaba na kobalti, nayo inapandisha mishahara hata katika kampuni zisizochimba chochote. Sisi wa Bunia, mkoani Ituri, tuna dhahabu ya Mongbwalu, lakini sehemu kubwa inachimbwa kwa mikono na kuuzwa papo kwa papo, bila fakture. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Kibali uko Haut-Uélé, si kwetu. Ndiyo maana mishahara mizuri ya Bunia utaikuta zaidi kwenye mashirika ya misaada, benki na kampuni za simu, wakati mfanyabiashara wa mjini analipa kadiri ya mfuko wake.

Kuna hoja moja nisiyoikubali: kwamba mkoani maisha ni rahisi, kwa hiyo mshahara mdogo unatosha. Bidhaa nyingi zinatufikia kutoka Uganda kupitia Mahagi na Aru, na kila kizuizi barabarani kinaongeza bei. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tunaishi chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège), yaani utawala wa kijeshi. Mwajiri anayetumia hoja hiyo mwambie akatembee sokoni kwanza.

Sheria inataja kiwango gani?

Sheria ya Kongo haimtaji mkuu wa fakture kwa jina. Inaweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida, kisha ngazi za juu zinapimwa kutoka hapo, hadi mara kumi kwa kada. Kwa amri ya serikali ya Mei 2025, kima hicho kilipanda kutoka faranga 7,075 kwa siku, kilichowekwa 2018, hadi 14,500, na kuanzia Januari 2026 kikawa 21,500. Kwa siku 26 za kazi ni faranga 559,000 kwa mwezi, na hiyo ni ya kibarua. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwajiri ni hili: umeniweka ngazi gani? Nimeona mikataba iliyoandikwa “mkuu” juu ya karatasi, na chini yake ngazi ya karani. Fedha inafuata ngazi.

Kwa kulinganisha, Kenya wana utaratibu tofauti: kima cha chini chenyewe kinabadilika kwa eneo, na Nairobi, Mombasa na Kisumu ziko juu ya miji midogo. Uganda bado ina kima cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa 1984, ambacho leo hakimlindi mtu yeyote.

Nina uzoefu wa miaka minane. Mbona mgeni wa miaka mitatu amenipita?

Dada yangu, inauma, lakini tazama anachokijua. Mwajiri hanunui miaka, ananunua hasara unayoizuia. Chukua fakture ya dola 1,000. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani (TVA) ya asilimia 16, inakuwa 1,160. Kampuni imeiandika kwa faranga 2,300 kwa dola, mteja analeta faranga kwa 2,200. Hapo zimepotea faranga 116,000 kwenye karatasi moja, na mwisho wa mwezi karatasi ziko mamia. Anayeandika kiwango cha kubadilisha fedha kwenye fakture yenyewe, anayefuatilia madeni kabla hayajachakaa, na anayeimudu fakture mpya ya kielektroniki inayodaiwa na idara ya kodi (DGI), huyo ana nguvu ya kujadiliana. Kusanya ushahidi wako: ulikuta madeni kiasi gani, leo yamebaki kiasi gani? Nenda nao mezani.

Nikubali dola au faranga?

Kanuni ya Kazi inataka mshahara utajwe kwa fedha halali ya nchi, ingawa Bunia wengi wanapatana kwa dola. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipanda thamani ghafla. Waliolipwa dola waliona fedha yao ikinunua kidogo, maana bei za sokoni hazikushuka kwa kasi ileile. Mimi naona sarafu yenyewe si shida kubwa kuliko kukosa kifungu kinachosema kiwango gani kitatumika, na cha siku gani. Pia uliza kama kiasi unachotajiwa ni kabla ya makato. Mfuko wa hifadhi ya jamii (CNSS) unachukua asilimia 5 kwako, na mwajiri anaongeza 13 zake. Kisha kuna kodi ya mshahara, inayopanda kadiri kipato kinavyopanda. Kila malipo yaje na karatasi ya mchanganuo, ni haki yako kisheria.

Nimeajiriwa Bunia, sasa wananihamishia Aru kwa mshahara uleule. Ni sawa?

Mshahara waweza kubaki uleule, lakini nyumba ni juu ya mwajiri. Akikuhamisha nje ya mahali alipokuajiri, anapaswa kukupa makao yanayofaa wewe na familia yako, au posho ya nyumba. Posho hiyo si sehemu ya mshahara, kwa hiyo asikwambie kwamba imeshaingizwa ndani. Posho ya hatari ni ya kujadiliana, basi ijadili kabla hujaondoka, maana ukishafika Aru utakuwa umekubali. Na kama barua ya uhamisho haitaji nyumba, usifungashe mizigo: irudishe ofisini, na wakikataa kuirekebisha nenda kwa mkaguzi wa kazi.