Chama kikiomba michango kwa simu: panga saa vizuri

Tuseme nyinyi ni chama cha wachumaji majani chai pale Sosiot. Kijana wenu wa kompyuta amewatengenezea mfumo kwa Laravel, na mmekubaliana hivi: tarehe 10 ya kila mwezi, saa moja usiku, kila mwanachama apate ombi la mchango kwenye simu, aweke PIN, basi. Asiyelipa siku hiyo ana faini. Mchana haifai. Mikono iko kwenye majani, simu imebaki nyumbani, na ombi la malipo halingoji mtu. Likikaa kidogo bila PIN linajifuta.

Laravel ina kipangaji chake cha kazi. Kwenye seva unaweka mstari mmoja tu wa cron, unaoamsha programu kila dakika iangalie kama kuna kazi ya saa hiyo:

* * * * * cd /var/www/chama && php artisan schedule:run >> /dev/null 2>&1

Kisha kwenye faili la routes/console.php unaandika kazi yenyewe:

Schedule::command('chama:omba')->dailyAt('19:00')->timezone('Africa/Nairobi')->withoutOverlapping();

Hapo kwa timezone usipapite haraka. Usipoitaja, Laravel hufuata UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Kwa hivyo 19:00 yake ni saa nne usiku huku Sosiot. Mama aliyeamka alfajiri kuwahi majani amelala fofofo. Asubuhi anakuta ameandikiwa faini, na kikao kinachofuata ni kelele tupu. Halafu mwambie kijana 19:00, usimwambie tu saa moja, asije akaandika 01:00.

Umeona pia tumeandika dailyAt, kila siku, ingawa mchango ni wa mwezi. Kuna sababu. Stima ikipotea na seva ikazima dakika ile ile, Laravel hairudi nyuma kufidia. Kazi ya mara moja kwa mwezi itangoja mwezi ujao. Kazi ya kila siku huamka, ikasoma daftari: tangu tarehe 10, nani bado? Huwaomba hao peke yao. (Wanaopenda tarehe 30, Februari haina.)

Sasa withoutOverlapping. Huzuia kazi ya pili kuanza kabla ya kwanza kumaliza. Wengi hudhani inazuia mtu kulipa mara mbili. Haizuii! Mwanachama ameweka PIN, jibu la malipo limechelewa kufika, mfumo bado unamwona hajalipa. Kesho ataombwa tena. Kwa hivyo kila ombi liandikwe kwenye daftari pamoja na hali yake: limetumwa, limelipwa au limekataliwa. Lile lililotumwa bila jibu, mfumo uulize kwanza limefika wapi kabla ya kutuma lingine. Na wewe mwanachama, ombi la pili likija na una meseji kwamba pesa zilishatoka, usiweke PIN. Mpigie mweka hazina.

Kabla ya tarehe 10 jaribuni kwa shilingi 1, kwa simu ya mweka hazina peke yake. Amri ya php artisan schedule:list itawaonyesha kila kazi itaamka lini.