Urani ya Mpakani: Fahari ya Taifa na Hesabu Zake

Mto Songwe hutenganisha Tanzania na Malawi. Upande wa Tanzania, wilayani Ileje, Mkoa wa Songwe, yamo makaa ya mawe. Upande wa pili, wilayani Karonga, umo mgodi wa urani wa Kayelekera. Ujirani huo si wa bahati nasibu. Makaa na urani vyote vimo katika miamba ya Karuu, iliyotokana na mchanga na tope vilivyowekwa na mito na maziwa ya kale zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Urani iliyeyuka katika maji, ikasafiri chini ya ardhi, ikaganda ilipokutana na mabaki ya mimea. Miamba ya aina hiyo ndiyo yenye urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, ambako mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ulizinduliwa Julai 2025.

Basi huzuka swali: nchi maskini yenye urani iuze unga wake ng'ambo, au ijenge kinu chake cha nyuklia? Swali hili lina fahari ndani yake, nalo lastahili kupimwa kwa sayansi.

Nguvu iliyomo katika urani

Kiini cha atomi ya urani-235 kinapopigwa na nyutroni hupasuka, hutoa joto, na hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu zinazoendeleza kazi hiyo. Joto hugeuza maji kuwa mvuke, nao mvuke huzungusha mitambo ya kufua umeme. Lakini katika urani ya asili atomi za aina hiyo ni asilimia 0.7 tu, na vinu vingi vyahitaji asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo unga utokao mgodini si kuni za kutiwa jikoni moja kwa moja. Sharti kwanza urutubishwe, na viwanda vya kazi hiyo vimo katika nchi chache tu duniani.

Kinu cha megawati 1,000 huhitaji kiasi cha tani 200 za urani ya asili kwa mwaka. Mwaka 2013 Kayelekera ilitoa zaidi ya tani 1,100. Urani hiyo yatosha vinu vitano, yaani megawati 5,000, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa Bwawa la Julius Nyerere wenye megawati 2,115. Hata hivyo mgodi wenyewe uliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Bei ya urani iliposhuka baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, gharama zilizidi mapato, na uzalishaji ukasimama tangu 2014 hadi 2025.

Kinu kimoja na gridi ya taifa

Wahandisi hufuata kanuni kwamba mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya uwezo wa gridi nzima. Mwaka 2025 uwezo wa Tanzania ulikuwa kiasi cha megawati 4,000. Kwa kanuni hiyo, mtambo mkubwa kuliko wote ungekuwa wa megawati 400. Kinu cha megawati 1,000 kikizimika ghafla, robo ya uwezo hutoweka na nchi huweza kuingia gizani. Kwa sababu hiyo, mradi wa kuunganisha gridi za Tanzania na Zambia kupitia Tunduma, kwa msongo wa kilovoti 400, wahusika na jambo hili kuliko uonekanavyo: gridi pana ndiyo ibebayo mtambo mkubwa.

Je, fahari haina faida?

Itakuwa kosa kuidharau fahari. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Magharibi walisema kwamba reli ya Tanzania na Zambia haitalipa. Nchi hizo hazikukata tamaa. Kwa msaada wa China reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, nayo yapita Tunduma hadi leo. Baadaye upungufu wa fedha za matengenezo uliidhoofisha, treni zikapungua, lakini reli ilingoja.

Kinu cha nyuklia hakingoji. Mara tu kizimwapo, mabaki ya mpasuko huendelea kutoa kiasi cha asilimia 6 ya joto la awali, na maji ya kupozea hayana budi kuendelea kupita. Huko Fukushima mawimbi yaliharibu jenereta za kuendeshea pampu, na vinu vitatu vikayeyuka ndani. Mlinzi wa kinu, kwa hiyo, ni bajeti isiyokatika.

Tena atomi yaweza kulitumikia taifa pasipo kinu cha umeme. Kati ya 1994 na 1997 mbung'o madume waliotasishwa kwa mionzi huko Tanga walirushwa Unguja kwa ndege. Majike wakakosa uzao, na kisiwa kikaondokewa na mdudu huyo. Hiyo nayo ni fahari, tena yenye kumfikia mfugaji.

Maswali ya zoezi

1. Gridi yenye megawati 2,500 yaweza kubeba mtambo wa ukubwa gani?
2. Kinu hutoa megawati 3,000 za joto. Mara tu kizimwapo, husalia megawati ngapi?
3. Jadilini: fedha zikitosha mradi mmoja tu, nyaya za umeme za vijijini au kinu, kipi kitangulie, na kwa nini?