Umbali na Mwanga: Kupanga Flashi ya Kamera kwa Mkono

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kueleza uhusiano wa umbali na mwanga wa flashi;
(b) kukokotoa tundu la lenzi na nguvu ya flashi;
(c) kutofautisha kazi ya shata na kazi ya flashi.

Utangulizi

Katika Fizikia umesoma kamera ya lenzi. Katika Hisabati umesoma uwiano kinyume. Watahiniwa wengi hukariri mada hizi kana kwamba hazijuani. Flashi ya kamera ya dijitali inaziunganisha.

Chukua mfano wa mahafali ya kidato cha nne katika ukumbi wa shule hapa Songea. Mwanafunzi anapanda jukwaani, anapokea cheti, mzazi anamvisha shada la maua, anashuka. Ni sekunde chache tu, na tukio halirudiwi. Kamera ikiachiwa ijipangie yenyewe, hupima mwanga unaorudi kutoka mbele yake na kudhani kuwa kila kitu kina weupe wa wastani. Ikikutana na mashati meupe, hupunguza flashi na nyuso huwa giza. Ikikutana na pazia jeusi, huongeza flashi na nyuso huungua. Flashi ikipangwa kwa mkono (hali ya M) hutoa mwanga uleule kila mara, bila kujali rangi ya nguo wala ya ngozi. Kwa kuwa mahali pa kupokelea cheti hapasogei, mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho watatoka sawa. Kinachotakiwa ni kukokotoa mara moja kabla ya shughuli kuanza.

Kanuni

1. *Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali.* Mwanga wa flashi husambaa kadiri unavyokwenda mbali. Umbali ukizidishwa mara 2, mwanga unaomfikia mtu huwa 1/4. Ukizidishwa mara 3, huwa 1/9.

2. *Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ya f.* Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Hivyo namba kubwa maana yake ni tundu dogo. Eneo la tundu hutegemea mraba wa kipenyo, kwa hiyo f/16 hupitisha 1/4 ya mwanga unaopita f/8.

3. *Namba ya mwongozo.* Kwa kuwa umbali na namba ya f vyote hupunguza mwanga kwa mraba, ukizidisha kimoja kwa kingine unapata namba isiyobadilika:

Namba ya mwongozo = namba ya f × umbali (mita)

Namba hii huandikwa katika kijitabu cha flashi, kwa kawaida kwa ISO 100, nguvu kamili, flashi ikielekezwa moja kwa moja kwa mtu. Ukiielekeza darini, hesabu hii haifanyi kazi. Umbali hupimwa kutoka flashi hadi kwa mtu.

4. *ISO na nguvu.* ISO ikitoka 100 kwenda 400 (mara 4), namba ya mwongozo huzidishwa mara 2, yaani kipeuo cha pili cha 4. Nguvu ikishushwa hadi 1/4, namba hiyo hugawanywa kwa 2.

Mfano wa 1

Flashi ina namba ya mwongozo 40 kwa ISO 100. Mwanafunzi yuko mita 5 kutoka kwenye flashi. Tafuta namba ya f kwa nguvu kamili.

Namba ya f = 40 ÷ 5 = 8. Jibu: f/8.

Mfano wa 2

Kwa flashi hiyohiyo, mpiga picha anatumia ISO 400 na anataka kubaki kwenye f/8, mita 5. Atumie nguvu gani?

Namba ya mwongozo kwa ISO 400 = 40 × 2 = 80.
Inayohitajika = 8 × 5 = 40, yaani nusu ya 80.
Nguvu = (1/2)² = 1/4.

Jibu: nguvu ya 1/4. Faida yake ni kwamba betri hudumu zaidi na flashi huwa tayari mapema kwa picha inayofuata.

Shata hufanya kazi gani?

Mmweko wa flashi ni mfupi sana kuliko muda ambao shata huwa wazi. Kwa hiyo kubadilisha kasi ya shata kutoka 1/200 hadi 1/60 ya sekunde hakuongezi mwanga wa flashi. Kunaongeza mwanga wa mazingira: taa za ukumbi na madirisha. Nyuma ya mtu pakiwa giza mno, punguza kasi ya shata.

Lakini kuna kikomo. Kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha haziruhusu kasi inayozidi takriban 1/200 au 1/250 flashi ikitumika kwa njia ya kawaida. Ukizidisha, pazia la shata hufunika sehemu ya kihisi wakati flashi inawaka, na picha hutoka na mkanda mweusi.

Makosa ya kuepuka

- Kusema umbali ukizidi mara 2 mwanga hubaki nusu. Hubaki robo.
- Kusahau kipeuo cha pili unapobadilisha ISO au nguvu.
- Kudhani f/16 ni tundu kubwa kuliko f/8.

Maswali ya kujipima

1. Flashi ina namba ya mwongozo 36 kwa ISO 100. Kokotoa namba ya f kwa mtu aliye mita 4.5.
2. Nguvu ya 1/8 inafaa kwa mita 2. Mtu akisogea hadi mita 4, f na ISO zisipobadilika, itahitajika nguvu gani?
3. Katika picha ya darasa, mstari wa mbele uko mita 2 kutoka kwenye flashi na wa nyuma mita 4. Wa mbele wameungua, wa nyuma ni giza. Toa sababu na upendekeze suluhisho.

Majibu

1. 36 ÷ 4.5 = 8, yaani f/8.
2. Umbali umezidi mara 2, mwanga unahitajika mara 4: 1/8 × 4 = 1/2.
3. Mstari wa mbele unapata mwanga mara 4 ya wa nyuma. Mpiga picha arudi nyuma mita 2, umbali uwe mita 4 na 6. Tofauti itakuwa (6 ÷ 4)² = mara 2.25 tu. Kisha aongeze nguvu ya flashi kufidia umbali.