Mama anaanguka alfajiri: aache dawa za presha?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 74 na ana presha na sukari. Ameanguka mara mbili alfajiri akienda chooni uani. Sasa amezigomea dawa, asema ndizo zinazomwangusha. Anazimeza siku ya kliniki tu. Nimlazimishe?
Binti, Msambweni

JIBU: Mwanangu, usimlazimishe, wala usimwachie azigomee. Mama ana hoja. Zipo dawa za presha zinazofanya damu ikawie kupanda kichwani mtu anapoinuka kitandani. Macho yanaingia kiza, magoti yanalegea. Dawa ya kukojosha ikimezwa jioni humwamsha usiku. Glibenklamaidi ya sukari, mzee akiimeza kisha asile, huishusha sukari hadi atetemeke na kutokwa jasho.

Kinachonitia hofu zaidi ni hizo dawa za siku ya kliniki. Amlodipini ya presha, kwa mfano, huhitaji kama wiki nzima ya kumezwa kila siku ndipo ifanye kazi sawasawa. Anayempima mama akikuta presha bado iko juu, naye hajaambiwa kitu, ataona dawa hazitoshi: ataongeza kipimo au dawa nyingine. Karatasi inajaa dawa ambazo mama hajawahi kuzimeza zote pamoja. Siku wewe utakapomsimamia azimeze zote, presha itaporomoka, naye ataanguka kweli.

Kwa hiyo nendeni wiki hii, msingoje tarehe ya kliniki. Tia dawa zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za duka la dawa, za mafua na za usingizi (hizi mbili huwalevya sana wazee), hata mitishamba. Semeni ukweli ni siku ngapi hakumeza. Mwenye kusema kweli hapa hastahili kukaripiwa, na akikaripiwa, wewe simama naye. Ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha amesimama, baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dawa zipangwe upya. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mashine ya presha mwaka 2023. Wa kijijini kwenu anaweza kuja kumpima nyumbani.

Usiku, mwekee tochi karibu na mto na ndoo yenye kifuniko chumbani. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Leso aifunge iishie juu ya vifundo vya miguu, asije akaikanyaga.

Akianguka akagonga kichwa, au mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimpotea, mkimbizeni hospitali ya rufaa hapo Msambweni saa ile ile, hata akisema hajambo.