Bukoba hadi Dar es Salaam: Umbali wa Angani na Muda wa Safari

Abiria wa Karagwe na Kyerwa, kabla ya kununua tiketi, huuliza kwanza: kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ndege huchukua saa ngapi? Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivyo vimetengana kwa takriban kilomita 1,025. Ndege za panga boi zinazotumia kiwanja cha Bukoba, chenye njia fupi ya kurukia, huenda kilomita 500 hadi 650 kwa saa zikiwa angani. Ukigawanya umbali kwa mwendo, utapata kati ya saa moja na dakika 35 na saa mbili.

Hesabu hiyo ni sahihi lakini haitoshi. Ndege ikitua Mwanza, muda huongezeka, wala si kwa sababu ya kuzunguka. Bukoba hadi Mwanza ni kilomita 175 hivi, na Mwanza hadi Dar es Salaam ni 850 hivi. Jumla yake yakaribia kuwa sawa na ule mstari ulionyooka. Kinachokula muda ni kushuka, kushusha abiria, kupakia na kupanda tena. Basi anayelinganisha tiketi mbili aziangalie saa za kuondoka na kufika, si kilomita.

Saa hizo zisomwe kwa uangalifu. Tiketi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane: 07:10 ni saa 1:10 asubuhi, si saa 7:10 mchana. Mwenye miadi ya matibabu Muhimbili akikosea hapo, hupoteza nauli na miadi pamoja.

Tena safari haianzii kiwanjani. Kayanga hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 90, lakini barabara hupitia Kyaka na kuzidi 100. Atokaye Kaisho au Murongo ana mwendo mrefu zaidi, na huenda akakaa barabarani kuliko angani. Kwa ndege ya asubuhi, ni busara alale Bukoba, na gharama ya malazi aihesabu pamoja na nauli.

Anayeunganisha ndege Dar es Salaam anashauriwa kununua tiketi moja kwa safari yote. Tiketi zikinunuliwa mbalimbali na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili kwa kawaida halina wajibu wa kumngoja.

Ucheleweshaji mwingine hutokana na hali ya hewa ya Ziwa Victoria. Wakazi wa Kagera wanaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafariki watu 19. Rubani akiamua kusubiri au kwenda kutua Mwanza, asishinikizwe. Hata hivyo, abiria anastahili kuelezwa sababu na saa mpya ya kuondoka. Aulize kaunta, na atunze tiketi na stakabadhi endapo atahitaji kuwasilisha malalamiko.