Saratani ya Kongosho na Dalili Zake

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula tumboni. Kazi yake ni kutoa maji ya kusagia chakula na insulini inayodhibiti sukari katika damu. Kwa kuwa halionekani wala kupapaswa, saratani yake hukua kimya. Hata nchini Marekani, penye vifaa tele, ni wagonjwa wapatao 13 tu katika kila 100 wanaoishi miaka 5 baada ya kugunduliwa.

Umri na urithi wa ukoo havizuiliki. Tumbaku yazuilika: hatari ya mvutaji ni takriban mara mbili ya asiyevuta, nayo hupungua mwaka hadi mwaka kwa aliyeacha. Hufuata unene uliokithiri, kisukari, na uvimbe sugu wa kongosho, ambao mara nyingi huletwa na pombe nyingi.

Wananchi wa Tukuyu na Rungwe yote wanahimizwa wasiyahesabu macho ya manjano kuwa ni ugonjwa wa ini tu, wakapoteza miezi kwa mitishamba. Manjano pamoja na mkojo mweusi, choo cheupe, mwasho na kukonda, au kisukari kinachozuka ghafla kwa mtu wa makamo anayekonda, vyataka hospitali ya wilaya mara moja. Upasuaji ndio tiba pekee yenye tumaini la kuponya, nao hufaa kabla ugonjwa haujaenea. Ndiyo maana rufaa ya kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, haifai kuahirishwa hadi mavuno ya chai yaishe.